Mtoto Asiyeambilika

4 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ukiacha kifua cha Mama kinachokuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya. Mama amehamia kwetu tangu mwezi uliopita. Tumempa chumba cha mbele kwa kuwa hapendi ngazi, na sasa kila apitaye barabarani anajua habari zetu. Shemeji yako bado yuko na lifti zake. Wiki hii anatengeneza ya jengo la mahakama. Anasema mahakimu wakikwama humo ndani huwa watu kama sisi. Duka langu la miwani linakwenda. Wifi yangu hajambo? Na babake, ameanza kutembea tena?

Kilichonishikisha kalamu ni Nukta. Unamkumbuka akiwa wa kubebwa, mdogo hadi shemeji yako akamwita hivyo. Sasa ana miaka kumi na mmoja, na haambiliki. Najua utasema hakuna mtoto anayeambilika. Sikiliza kwanza.

Aliomba mwenyewe kwenda kuogelea, mwezi mzima akinisumbua. Siku ilipofika alikuwa tayari kabla yangu, vazi la kuogelea kalivaa ndani, begi mgongoni. Nikasema tu, "Haya, tuondoke." Basi. Akaingia chini ya meza, akakumbatia mguu wa meza, jasho linamtoka.

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nataka. Umesema tuondoke, sasa siwezi."

Hatukwenda kuogelea siku ile.

Hapa dukani nilitaka kumpima macho. Kila nilipoonyesha herufi aliimba, akabweka, akaniambia herufi hiyo ni rafiki yake na hataki kuisema vibaya. Nikamwacha, nikaenda kumsikiliza mteja. Nikamsikia nyuma ya pazia anasoma ubao wote, kutoka chini kwenda juu, bila kukosea hata moja.

Mwalimu mkuu anaita kiburi. Mama anaita kudekezwa. Daktari wa mtaani kwetu anasema huenda ni usonji, ila usonji wa namna yake, wa kukwepa maagizo: mtoto hagomi, bali kila agizo linamwingia kama tishio, na anajiokoa kwa njia yoyote anayoiona. Lakini yeye si mtu wa kuthibitisha. Shule ina darasa dogo la watoto wenye usonji, na mwalimu wake ni mpole. Nukta angefaa pale. Wanataka neno la daktari bingwa, na bingwa ni wewe. Nijibu: ni usonji au si usonji? Kama ndiyo, niandikie cha kuwapelekea.

Dada yako


21 Machi

Dada,

Kuchelewa kwangu kusikutie shaka. Hospitali ilihamisha wodi ya watoto kutoka jengo moja hadi jingine, na kwa muda hakuna aliyejua daktari yupi yuko wapi, madaktari wenyewe wakiwemo. Wifi yako mzima, anakusalimu sana. Babake anatembea kwa fimbo na kugombana na hiyo fimbo. Kifua cha Mama kipimwe. Asinywe dawa alizosimuliwa na wapita njia.

Kuhusu Nukta, umeniomba neno moja nami sina. Hali unayoieleza naijua, nimeona watoto wa namna hiyo. Ugomvi wetu uko kwenye jina. Wapo wenzangu wanaosema ni tawi la usonji. Hoja yao ni kwamba ratiba na utaratibu, ambavyo huwatuliza watoto wengi wenye usonji, huwavuruga hawa, kwa hiyo lazima watambuliwe peke yao, la sivyo tutawaumiza kwa nia njema. Wapo wanaosema ni wasiwasi mkubwa tu, na kwamba huonekana hata kwa watoto wasio na usonji kabisa. Wengine wanasema ni tabia zilizookotwa kwa watoto wenye shida mbalimbali, zikashonwa zikawa nguo moja. Utafiti ni mdogo, na mwingi umewauliza wazazi, haukuwauliza watoto. Vitabu vikubwa vya kutambulia maradhi havijaiweka kama hali yenye jina lake.

Kukuandikia cha kuwapelekea siwezi. Sijamwona mtoto, tena ni mpwa wangu. Mganga hajigangi.

Ninachoweza kukuambia ni hiki: punguza amri. Badala ya "vaa viatu", sema hujui viatu vimejificha wapi leo. Mwachie nafasi ya kuchagua. Ya lazima kabisa yabaki machache: barabara, moto, dawa. Mengine yaache yapite.

Nisalimie shemeji na Mama.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama amepimwa, ni vumbi la barabara, na bado hakubali kuhama dirishani. Shemeji yako amemaliza na mahakimu, sasa yuko kwenye lifti ya hoteli, ananuka mafuta hadi kwenye nyusi. Mimi mzima.

Nimefuata maagizo yako ya kutotoa maagizo. Asubuhi moja nilisimama nikiutazama ukuta, nikasema, "Sijui kama kuna meno yatakayopigwa mswaki nyumba hii leo." Mama akajibu kutoka chumba cha mbele, "Ya kwangu yako kwenye bilauri!" Nukta akacheka hadi akakaa chini. Akainuka, akapiga mswaki. Kwa hiyo dawa yako inafanya kazi, ila inataka mtu asiye na haraka, na mimi hufungua duka asubuhi. Mama naye hataki kuisikia. Anasema yeye hawezi kumbembeleza mtoto kama anayeposa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, anasema, kisha ananitazama mimi, si mtoto.

Mwalimu mkuu alituita. Akasema samaki mkunje angali mbichi. Nukta akamwambia, "Mimi si samaki, na wewe hujui kupika." Nilitazama sakafu ili nisicheke. Shemeji yako alicheka, na ikawa kosa la pili.

Kulitokea jambo dogo shuleni baadaye, tumeliweka sawa. Nukta ameanza kuandika kwa mkono wa kushoto, na anajivunia sana.

Umeniandikia wapo wanaosema hivi na wapo wanaosema vile. Ukurasa mzima umejaa watu, na sikukuona wewe. Wewe wasemaje?

Nikuambie kwa nini nauliza. Nukta akijilaza chini katikati ya watu, hakuna anayemtazama yeye. Wote hunitazama mimi. Mwanamke mmoja aliniambia, "Mngempiga kidogo tu, angenyooka." Ningekuwa na neno, ningempa aondoke nalo.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Najua nimekaa kimya. Wifi yako alikuwa kwa babake, ambaye ameivunja ile fimbo, yeye anasema kwa bahati mbaya. Nyumba ilikuwa na mimi na birika. Nimeongea na Mama kwenye simu. Sauti yake ni safi, ila kila nikimuuliza habari za huko ananiambia nikuulize wewe.

Kuna jambo sikukuambia, kwa sababu mazungumzo yake hayaruhusiwi kutoka nje. Chama chetu cha madaktari kimeunda jopo la kuandika mwongozo mpya wa usonji, na mimi ndiye katibu. Swali lako ni mojawapo ya maswali tuliyokuwa nayo mezani. Vikao vya kusikiliza watu vilikuwa vya wazi, kwa hiyo hivyo naweza kukusimulia.

Alikuja mama mmoja, mpiga chapa. Alisema kabla hajalisikia jina hili alikuwa akimpiga mwanawe kila asubuhi kabla ya shule, akiamini ni ukaidi. Alipolisikia, fimbo ilimtoka mkononi. "Msiponipa jina," alisema, "mniambie nilichokuwa nampigia."

Baada yake akaja mtu mzima mwenye usonji, mchora ramani. Hakutaka kukaa. Alisema maisha yake yote watu wamemwamuru atazame machoni, atulie, apunguze sauti. "Nilikataa kwa sababu hayo yote yalikuwa yananiumiza. Sasa mnataka kukataa kwangu nako kuwe ugonjwa. Nikisema hapana mkaiandika kuwa dalili, hapana yangu itabaki na kazi gani?"

Wote wawili walipigiwa makofi na watu walewale.

Uliniuliza mimi nasemaje. Mwongozo uko karibu kutoka, utausoma.

Kwa nini Nukta anaandika kwa mkono wa kushoto?

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Shemeji yako mzima. Mimi mzima.

Mwongozo wenu umetoka. Sikuusoma, nimesomewa. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akavaa miwani niliyomtengenezea mimi mwenyewe, akasoma kwa sauti: jopo halikuona ushahidi wa kutosha wa kuitambua hali ya kukwepa maagizo kuwa aina ya usonji. Akafunga. Akasema darasa dogo ni la watoto wenye usonji, Nukta hana usonji, na sasa si yeye anayesema, ni mabingwa. Kisha akageuza ukurasa kunionyesha majina. La kwako lilikuwa la pili kutoka juu. Hajui kuwa wewe ni ndugu yangu. Nami sikumwambia.

Umeuliza habari za mkono wa kushoto. Ni kwa sababu wa kulia ulivunjika.

Siku chache baada ya ile ya samaki, mwalimu wa darasa alimwamuru aombe radhi mbele ya wenzake kwa lile jibu. Nukta akaanza kutania, kisha akaanza kutetemeka, kisha akataka kutoka. Mwalimu akasimama mlangoni, akasema hatoki mtu hadi neno lisemwe. Darasa lao liko ghorofa ya kwanza. Alipita dirishani, akaangukia bati la banda la baiskeli, akateleza hadi chini. Nilipofika hospitali aliniambia, "Mlango ulikuwa na mtu." Ndilo neno pekee alilosema siku ile.

Hajarudi shule tangu hapo. Asubuhi anakuja nami dukani, anakaa nyuma ya pazia. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungeniandikia nipunguze amri. Mama alitaka kukuambia, nikamkataza, na hilo alilitii, sijui kwa nini.

Ungesema tu. "Dada, nimo kwenye hilo jopo, na nakuja kusema hapana." Ningekasirika nikiwa nyumbani kwangu, si kwenye kiti cha mbele ya mwalimu mkuu.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Nimeisoma. Nimeomba likizo, nafika Jumamosi.

Usimwambie Nukta nakuja kumwona. Mwambie miwani yangu imekwaruzika, na hilo si uongo.


11 Agosti

Dada,

Nilirudi salama. Wifi yako ameniambia nimenenepa, kwa hiyo mwambie Mama ameshinda. Babake ana fimbo mpya, ya chuma.

Tulipokuwa wote pale kwako hatukupata nafasi ya kusema, au tuliipata tukaitumia kupangusa vioo vya miwani. Naandika sasa.

Ile siku ulipokuwa mbele na mteja mwenye mapacha, mimi nilikuwa nyuma ya pazia, kwenye kiti cha kupimiwa, nakusubiri. Nukta alitoka kwenye kona yake, akachukua kijiti chako cha kuonyeshea herufi. Sikumwambia kitu.

"Soma," akasema.

Nikasoma.

"Funika jicho la kushoto."

Nikafunika.

"La kulia."

Nikafunika.

"Yote mawili."

Nikafunika yote mawili, dada, nikakaa gizani nasubiri agizo linalofuata. Nikamsikia anacheka.

"Mjomba, wewe unafanya kila unachoambiwa?"

"Karibu kila kitu."

"Na huumii?"

"Siumii. Wewe huumia?"

Nikasikia kijiti kikigusa ubao. Kisha akasema, "Mtu akiniambia fanya, ni kama amenikalia hapa kifuani. Hata kikiwa kitu kizuri. Nikikataa, anainuka."

Nilitoa mikono machoni. Alikuwa amenipa mgongo, anarudisha kijiti mahali pake. Mazungumzo yakaishia hapo, na nilijua nikiongeza swali moja nitakuwa nami nimekaa kifuani.

Sasa nikuambie la jopo. Kuhusu jina sijabadilika. Sijui kama ni aina ya usonji, na sitaandika kwamba najua. Mpiga chapa ana haki, mchora ramani ana haki, na ushahidi tulio nao haumtoshi yeyote kati yao. Lakini katika rasimu niliandika sentensi moja zaidi: kwamba mtoto asinyimwe nafasi wala msaada kwa sababu hali yake haijapata jina. Mwenyekiti alisema mwongozo wa usonji hauwezi kuwa mwongozo wa kila kitu, akaniambia niitoe. Nikaitoa. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Niliporudi nilimwendea ofisini.

"Nataka ile sentensi irudi."

"Daktari, sisi tumeshamaliza."

"Kuna shule zimesoma mstari mmoja na kufunga milango. Irudi."

Akanitazama. "Umeanza lini ubishi?"

"Jumamosi ile," nikamwambia.

Ilituchukua kikao kizima. Mmoja aliuliza kama nina maslahi yangu binafsi humo, nikasema ninaye mpwa. Mwishowe wengi walikubali, na sentensi itakuwamo kwenye toleo jipya, mwezi ujao. Wameona si vizuri mtu mwenye mpwa abaki kuwa katibu, na hapo wana haki. Kiti nimemwachia mwingine.

Nimekuwekea ukurasa wenyewe humu ndani. Toleo likitoka, mpelekee mwalimu mkuu. Ukipenda, mwambie safari hii jina lile ni la nani.

Mdogo wako


14 Oktoba

Mdogo wangu,

Sasa ni zamu yangu kuchelewa. Mama hajambo, vumbi limepungua kwa mvua. Shemeji yako alikwama kwenye lifti anayoitengeneza mwenyewe, akalazimika kupiga kengele kama wateja. Tumemcheka wiki nzima. Mpe wifi pole na hongera ya kuishi na mwanamume mbishi, ubishi huo ni mgeni kwake.

Mwalimu mkuu aliusoma ukurasa wako mara mbili. Akauliza kama kweli umetoka kwenye mwongozo uleule. Nikamwambia ndiyo. Hilo la ndugu sikumwambia. Nilitaka sentensi iingie kwa miguu yake yenyewe. Akafikiri, akazungusha kalamu, akasema, "Tutamjaribu muhula mmoja." Si ushindi wa kupigia vigelegele, lakini nimeuchukua.

Mwalimu wa darasa dogo alikuja dukani kabla, akajifanya anachagua fremu. Hakumwambia Nukta aje. Alisema tu, kana kwamba anasema na kioo, kuwa darasani kwake mlango haufungwi na kuna kiti karibu nao kisicho na mwenyewe. Siku ya kwanza Nukta alifika hadi getini, akakaa juu ya begi lake, akarudi. Baadaye akafika kwenye korido. Wiki nyingine akaingia, akakisogeza kile kiti, akakaa sakafuni mahali kilipokuwa. Siku nyingine haendi kabisa. Siku nyingine anarudi akiwa amefundisha wenzake kubweka. Kuandika sasa anaandika kwa mikono yote miwili, vibaya.

Mwalimu wa zamani, yule wa mlangoni, alikutana naye kwenye ngazi akapisha. Sijui kama alijifunza au aliogopa. Sijamuuliza.

Juzi, tukiwa tunafunga duka, Nukta akaniuliza, "Mjomba aliandika kwamba mimi sina usonji?"

"Hapana. Aliandika haijulikani kama hii yako ni usonji."

"Yeye hajui?"

"Hajui."

"Na wenzake?"

"Nao hawajui."

Akashusha pazia la dirisha mwenyewe, taratibu, jambo ambalo nilishakata tamaa ya kuliomba. "Vizuri," akasema. "Wakijua, wataanza kuniambia niweje."

Usidhani umeshinda, Daktari. Yeye anafurahia kutojulikana, mimi sijafurahi. Jina bado nalitaka. Yule mwanamke wa "mngempiga kidogo" bado anapita mtaa wetu, na bado sina neno la kumpa. Nimesikia nyumba ya pili kuna mtoto mwingine wa hivi, na babake hana ndugu kwenye jopo. Sentensi yako itamfaa akiipata. Lakini jina lingemfikia upesi zaidi, maana jina husafiri lenyewe na sentensi lazima ibebwe. Fikiria hilo mkikaa tena, hata kama umeketi kiti cha nyuma.

Mliyoambiana wewe na yeye nyuma ya pazia sitamuuliza. Ila tangu uondoke ameuliza mara kadhaa kama kweli ulifunika macho yote mawili kwa sababu tu uliambiwa. Namwambia ndiyo, mjomba wako ndivyo alivyo. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa habari ya mgonjwa.

Ninapoandika haya amepita nyuma ya kiti changu na kusoma juu ya bega langu. Sikumwambia asome, wala sikumwambia akusalimu. Amesimama kidogo, kisha amesema, "Mwambie sijamsalimu."

Nimekuandikia kama alivyosema.

Dada yako